Usipite chini ya panga lenye barafu

Kijana wa dada yangu amepata kazi ya ufundi wa mitambo ya upepo, ile minara yenye mapanga ya kuzalisha umeme, kaskazini mwa Ufini. Alisoma umeme VETA hapa Moshi, akaongeza chuo, akahangaika na vyeti na ubalozi, na sasa viza imetoka. Kibosho wameshachinja mbuzi. Mimi niliwahi kufanya kazi hiyohiyo ng'ambo ya ghuba, upande wa Uswidi, kabla sijarudi kufungua karakana hapa Soweto, kwa hiyo nimepewa jukumu la kumpa maneno kabla hajapanda ndege. Mama yake anataka nimhimize avae nguo nzito. Baba yake anataka nimkumbushe ada za wadogo zake. Langu ni moja tu: asipite chini ya panga lenye barafu, hata kama mtambo umesimama, hata kama wenzake wanapita.

Nilipomwambia kwenye simu akacheka. "Mjomba, si umesimama? Kitu kilichosimama kitanifanya nini?"

Ndiyo maana naandika, ili asome taratibu, na wengine wenye vijana wanaoelekea huko wasome pia. Siku hizi ni wengi. Cheti cha usalama cha GWO, shirika la kimataifa la kampuni za upepo, ambacho waajiri wanakitaka kinafundisha huduma ya kwanza, kubeba mizigo, moto na kazi za juu, na kwa wanaokwenda baharini, kujiokoa majini. Mambo ya maana yote hayo. Barafu ya kwenye panga sikuikuta darasani, niliikuta kazini.

Tutenganishe kwanza baridi na barafu, maana huku kwetu tunavichanganya. Baridi peke yake ni tatizo la mashine, na watengenezaji wamelitatua kwa sehemu kubwa. Mtambo wa kawaida unatarajiwa ufanye kazi mpaka nyuzi 10 chini ya sifuri, na ukiwa umezimwa uvumilie mpaka 20 chini ya sifuri. Ule uliotengenezwa kwa nchi za baridi unafanya kazi mpaka 30 chini ya sifuri na kuvumilia mpaka 40. Tofauti iko kwenye chuma, kwa sababu chuma cha kawaida baridi ikizidi kinakuwa chepesi kupasuka. Iko kwenye grisi, kwenye mipira ya kuzuia oili isivuje, kwenye betri za kugeuzia mapanga ambazo nguvu yake hushuka, na kwenye hita za giaboksi. Oili ikipoa sana inakuwa nzito, haifiki kwenye meno ya gia inavyotakiwa, kwa hiyo mtambo uliolala siku kadhaa kwenye baridi kali hauwashwi papo kwa papo. Unasubiri hita zifanye kazi yake. Kompyuta yenyewe inakataa, na huwezi kuihonga.

Tena baridi ina faida yake. Hewa ya nyuzi 20 chini ya sifuri ni nzito kuliko hewa ya nyuzi 15 kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, na kwa kasi ileile ya upepo mtambo unapata umeme zaidi. Wenye mitambo wanaipenda baridi kavu. Sisi mafundi pia tuliipenda. Siku ya nyuzi 25 chini ya sifuri, mbingu nyeupe pee, upepo mwepesi, tulipanda tukafanya kazi na tukashuka bila wasiwasi wowote zaidi ya vidole.

Siku mbaya ni zile zinazoonekana nafuu. Kipimajoto kinasema nyuzi 3 chini ya sifuri, ukungu umekaa juu ya kilima, na mgeni anajiambia leo afadhali. Ndani ya ukungu ule matone ya maji bado ni maji ingawa yamepita kiwango cha kuganda. Yanasubiri kitu cha kugusa. Panga likipita, tone linaganda palepale, na linalofuata linaganda juu ya lile la kwanza, na barafu nyeupe yenye kukwaruza inaota kuelekea upepo unakotoka. Mara nyingi balaa hili liko kati ya sifuri na nyuzi 10 hivi chini yake. Kukiwa na mvua inayoganda inapogusa kitu, inakuja ile nyingine, barafu inayong'aa, ngumu, nzito. Walioamkia Barafu Camp kule mlimani Kilimanjaro, kwenye mita 4,600 na zaidi, wameona hema lilivyopauka kwa jalidi alfajiri. Ile ni mvuke uliogandia kwenye kitambaa, ukipangusa kwa kiganja imeisha. Ya kwenye panga inaweza kufikia unene wa ngumi na kuzidi.

Na inaanzia sehemu mbaya. Chukua panga la mita 60 linalozunguka mara 12 kwa dakika. Ncha yake inakwenda mita 75 kila sekunde, yaani karibu kilomita 270 kwa saa. Ncha ndiyo inayopita kwenye hewa nyingi zaidi, kwa hiyo ndiyo inayokusanya barafu nyingi zaidi, na ndiyo inayoirusha mbali zaidi. Kabla haijarushwa, umbo la panga linaharibika, nguvu inashuka, na mtambo unazunguka kwa shida ilhali upepo upo. Kisha panga moja linapukutisha barafu yake na mengine mawili yanabaki nayo. Umeshaona pangaboi lililopinda panga moja linavyotikisa dari? Weka hilo juu ya mnara wa mita 120. Sensa za mtikisiko zinauzima mtambo, na hapo ndipo mpwa wangu anaposema si umesimama.

Sawa, umesimama. Barafu haijaenda popote. Iko juu kule, tani kwa tani ikibidi, imeshikilia panga kwa upande mmoja tu. Jua likichomoza baada ya ukungu, au joto likipanda kidogo kuvuka sifuri, inaachia. Upepo nao unaisukuma pembeni, kwa hiyo haidondoki wima kwenye mguu wa mnara. Kofia ngumu imetengenezwa kwa spana iliyoponyoka, haikutengenezwa kwa kilo kadhaa za barafu kutoka mita 100.

Kuhusu umbali, kuna kanuni ya Wajerumani ya 2003 ambayo mafundi wengi wanaijua: jumlisha urefu wa mnara na kipenyo cha mapanga, kisha zidisha kwa moja na nusu. Mnara wa mita 120 wenye mapanga ya kipenyo cha mita 130 unakupa mita 375. Hicho ni kipimo cha kujihami, si kwamba kila kipande kinafika huko. Uswisi, kwenye mtambo mdogo wa Gütsch karibu na Andermatt, mita 2,300 hivi juu ya usawa wa bahari, watafiti walizunguka wakiokota vipande na kupima vilikodondokea. Cha mbali zaidi kilikuwa mita 92. Vingine vilizidi kilo moja na nusu. Na vingi walivikuta palepale chini ya mapanga, mahali ambapo fundi anapita kwenda mlangoni. Watu wanasimulia sana habari ya kipande kilichorushwa mbali kwa sababu inasisimua. Mimi ninachoogopa ni hatua 30 za mwisho.

Kundi letu lilikuwa na mzee mmoja wa huko, mkimya, mwenye kisu kiunoni na kahawa isiyoisha. Yeye hakuanza kwa kutazama juu. Alitazama chini. Theluji iliyotulia inaandika kila kilichodondoka: vishimo, vingine vya ukubwa wa sahani, vingine vya ukubwa wa beseni. Aliangalia vimeelekea upande gani, kama kingo zake ni kali au zimeshafunikwa na theluji mpya, ndipo akanyanyua darubini kuangalia mapanga, moja baada ya jingine, toka shina mpaka ncha. Vishimo vibichi vikiwa vingi na panga bado ni jeupe, alirudi garini akamimina kahawa. Hakuna aliyemuuliza.

Siku moja ofisi iliuliza. Bei ya umeme ilikuwa imepanda, mitambo kadhaa imelala, na mtu fulani aliyekaa kwenye kiti chake cha ofisini akataka kujua kwa nini hatujaingia. Mzee akamjibu kwa sentensi moja ya Kiswidi ambayo sitaitafsiri kwa sababu mama yangu anasoma blogu hii. Tulikaa mle garini mpaka mchana, mita mia kadhaa kutoka mnarani, tukisikiliza. Unazisikia zikidondoka: kwanza mluzi mfupi, halafu kishindo kisicho na mwangwi. Baadaye jua lilipofifia na mapanga yamebaki na madoadoa tu, tukaingia, tukabadilisha kilichotakiwa, tukaondoka. Kazi ya saa moja ilikula siku nzima. Kwenye kazi hii hiyo ni siku nzuri.

Utaratibu wenyewe mpwa wangu atafundishwa, kila kampuni na wake, lakini aelewe sababu zake. Kabla ya kuvuka geti unapiga simu chumba cha udhibiti, unasema mko wangapi na mnakwenda mtambo upi, nao wanausimamisha na kuuzuia usiwashwe kutoka mbali. Hili si adabu tu. Wakati hatari kuliko wote ni wa kuwasha tena, kwa sababu mapanga yakianza kuzunguka kila kilichokuwa kinaning'inia kinaachia kwa pamoja, na anayebonyeza kitufe anaweza kuwa yuko mji mwingine, anaangalia skrini, hajui kuna mtu anachimba theluji mlangoni. Unaomba wageuze kichwa cha mtambo ili mapanga yasiwe upande wa mlango. Unaegesha gari mbali. Unakaribia kutokea upepo unakotoka, si unakoelekea. Mmoja anatembea, mwingine anatazama juu, mkiwa mmekubaliana neno la kukimbia na upande wa kukimbilia. Ukishafika ndani unahamishia udhibiti palepale mnarani, na ufunguo unakaa mfukoni mwako mpaka unatoka.

Msituni huko si mafundi tu wanaopita. Kuna wawindaji, kuna watu wa pikipiki za theluji, kuna wafugaji wa Kisami, wenyeji wa asili wa huko, na mifugo yao ambao walikuwa na njia zao kabla mtu yeyote hajafikiria kusimika mnara. Kwa ajili yao kuna mabango na taa za onyo barabarani. Bango lenyewe likifunikwa na theluji halimsaidii mtu, kwa hiyo kulipangusa ilikuwa kazi yetu, na wapo walioiona kazi ya chini. Sikukubaliana nao.

Sasa, mtambo unajuaje una barafu? Njia ya kawaida ni hesabu: upepo huu unapaswa kuzalisha umeme kiasi hiki, mbona tunapata nusu? Nyingine ni kuweka vipima upepo viwili, kimoja chenye hita na kingine bila. Kisicho na hita kikianza kusema upepo umepungua wakati mwenzake anakataa, ujue kimeanza kuganda. Kuna sensa maalumu za barafu, kuna kamera. Zote nzuri, ila kumbuka zinakofungwa. Nyingi ziko juu ya naseli, ile nyumba ya mashine kwenye kilele cha mnara, mita 120 kutoka chini, huku ncha ya panga inapanda mpaka 180 na zaidi. Wingu likiwa limekaa mita 150, sensa inasema pakavu, na ncha imevaa barafu. Nimeona skrini ya kijani na panga jeupe kwa wakati mmoja. Amini panga.

Kuna mapanga yenye joto pia. Wengine wanapuliza hewa ya moto ndani ya panga kutokea kwenye shina, wengine wanalaza nyuzi za kaboni zinazopitisha umeme karibu na ukingo wa mbele. Zamani kule Yukon, Kanada, walijaribu hata kupaka mapanga rangi nyeusi ili yanyonye jua, wazo zuri kwa mtu ambaye hajakaa sehemu ambayo jua la Desemba linachungulia na kuondoka. Hita zinasaidia kweli, mtambo unarudi kazini mapema. Lakini kwa aliye chini, hita ikiwashwa maana yake ni kwamba barafu itadondoka sasa hivi. Inayeyusha ule upande ulioshika panga, na bamba zima linateleza. Kwa hiyo sentensi ya "usijali, una hita" isimtoe mtu garini.

Nikishafika hapa huwa kuna anayenitumia ile picha ya helikopta inayomwagia mtambo maji ya kuyeyusha barafu, yenye maneno kwamba mitambo ya upepo ndiyo iliyosababisha umeme kukatika Texas, Marekani, Februari 2021. Picha ile ilipigwa Uswidi miaka mingi kabla. Texas mitambo ya upepo iliganda kweli, mingi haikuwa na vifaa vya baridi kwa sababu wenyewe hawakuona haja ya kuvilipia, lakini kilichopungua zaidi kuliko vyote kilikuwa umeme wa gesi: visima, mabomba na mitambo ya gesi navyo viliganda. Naisema hii kila mara na kila mara narudishiwa picha ileile.

Turudi kwa mwili wa mtu. Ndani ya mnara hakuna upepo, lakini hakuna joto pia, na ngazi inaweza kuwa na utelezi wa buti zilizoingia na theluji. Kile kifaa cha kukudaka ukiponyoka, kinachoteleza kwenye reli, kinatakiwa king'ate chuma kwa chuma, na barafu katikati inakinyima meno. Kikague kabla hujaning'iniza uhai wako hapo. Lifti ipo kwenye minara mingi, nayo huharibika siku ambayo una mzigo.

Jambo ambalo Mchagga aliyewahi kubeba mizigo mlimani analijua kuliko mhandisi ni jasho. Ukipanda mita 100 umevaa makoti yote, unafika juu umelowa, na ukikaa dakika kumi ukifungua nati, jasho linakugeukia. Panda ukiwa umevaa kidogo, koti liwe kwenye begi, livae ukifika. Usishike chuma kwa mkono mtupu, ngozi inabaki hapo. Ukihitaji vidole kwa skrubu ndogo, vaa glavu nyembamba ndani ya zile nene, na mkiwa wawili mnapokezana. Peke yako usipande kabisa. Helikopta ya uokoaji haipendi kuingia kwenye wingu linalogandisha, na barabara inaweza kuzibwa na theluji mkiwa juu, kwa hiyo mwenzako ndiye hospitali yako ya kwanza: awe anaweza kukushusha kwa kamba, nawe umshushe. Mtu aliyening'inia kwenye mkanda bila kusogeza miguu anaharibika haraka, na baridi inamharakisha zaidi. Mifuko ya kulalia na chakula vilikuwa juu muda wote. Tuliowahi kuvitumia hatukuwahi kuvicheka tena.

Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, habari za kijana zilipotoka, mzee mmoja akauliza kwa nini basi tusisimike hayo mapanga Kibo, upepo si upo? Shikamoo tena mzee wangu. Hewa ya kwenye mita 4,600 ni nyepesi, imepungua zaidi ya theluthi moja ukilinganisha na ya pwani, na umeme unapungua kwa kiasi hichohicho kwa upepo uleule. Kuna usiku wa kuganda mwaka mzima, kuna mawingu. Na kule ni hifadhi ya taifa tangu 1973 na urithi wa dunia tangu 1987, sijui lori lenye panga la mita 60 lingepita kona ipi ya Marangu. Mufindi wanayo mitambo mitatu, ya Mwenga, megawati 2.4 kwa jumla. Wakenya wanayo mitambo 365 kule karibu na Ziwa Turkana, ambako shida ni vumbi na jua. Kama tunataka upepo, tuna Singida na Makambako, ambako hakuna atakayedondokewa na barafu.

Mpwa wangu, ukisoma hii kabla ya Jumapili: buti za kazi, mkanda na kofia utapewa na mwajiri, usinunue hapa vya bandia. Nguo za ndani tafuta sufu, achana na pamba, ikilowa haikukaushi. Sufu nzuri na makoti ya theluji viko soko la mitumba la Memorial kwa bei ya nguo za shule, vingi vimetoka hukohuko unakokwenda. Tukutane saa tatu asubuhi kabla wapagazi hawajachagua. Njoo na hela ndogondogo, na usimwambie muuzaji kwamba unasafiri.